Sudoku ya picha: namna ya kumsaidia mtoto asibahatishe

Kipande cha kartoni, kijiti cha makala na vizibo 36 vya chupa vinatosha. Kwa vitu hivyo mtoto wa Sange anaweza kuwa na mchezo ambao Wajapani waliupa jina la sudoku, na ambao watoto wa nchi nyingi huucheza kwa picha badala ya namba. Hauhitaji umeme wala simu, na mtoto hahitaji kujua kusoma. Kinachohitajika ni mtu mkubwa, awe mama, mwalimu au yaya wa kwanza nyumbani, mwenye subira ya kuuliza “umejuaje?” na kungoja jibu.

Swali hilo ndilo mchezo wenyewe. Mtoto anayeweka picha bila sababu atapatia mara moja, mara mbili, kisha ubao utamfungia njia. Anayeweza kutaja sababu kabla ya kuweka kizibo atamaliza, hata akichelewa.

Sange, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu, haujazoea kutajwa katika habari za michezo ya watoto. Wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka, likawaka moto na kuua watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto. Miaka hii jina hilo linafuatana na habari za vita. Mwezi wa pili mwaka 2025, wakati Bukavu na Kamanyola zilipoangukia mikononi mwa M23, maelfu ya watu wa bonde la Ruzizi walivuka mto na kuingia Burundi, na wengi wao walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Mtoto anayekimbia hivyo haachi kaye na biki peke yake. Anaacha pia mazoea ya kukaa na jambo moja mpaka liishe.

Mchezo wa vizibo haurudishi mwaka wa masomo uliopotea, na mzazi asidanganywe na mtu anayesema kwamba unaongeza akili kama dawa inavyoongeza damu. Unachofanya ni kidogo zaidi na kinaonekana kwa macho: unamzoeza mtoto kutafuta sababu. Katika madarasa mengi, hasa tangu shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019 na viti vikajaa, jibu hutolewa na darasa zima kwa sauti moja. Sauti hiyo humficha mtoto aliyebahatisha, na humficha pia yule aliyefungua mdomo tu bila kusema kitu. Mbele ya ubao wa vizibo hakuna pa kujificha.

Ubao wenyewe

Sudoku ya watoto ya kiwango cha kati ina vyumba 36. Kuna mistari sita inayotoka kushoto kwenda kulia, na nguzo sita zinazotoka juu kwenda chini. Ubao umegawanywa pia katika nyumba sita, na kila nyumba ina vyumba sita: vitatu juu, vitatu chini. Picha ni sita. Sheria ni moja tu, na inasemwa kwa pumzi moja: kila picha ionekane mara moja katika kila mstari, mara moja katika kila nguzo, mara moja katika kila nyumba.

Watoto wa miaka mitano au sita waanze na ubao mdogo wa vyumba 16 na picha nne. Atakayeumaliza bila kusaidiwa mara tatu au nne yuko tayari kwa ubao wa 36. Ule wa vyumba 81 ambao watu wakubwa huuona magazetini usubiri.

Uchaguzi wa picha si jambo la kupuuza. Ng'ombe na mbuzi waliochorwa kwa makala hufanana, na mtoto atapoteza nusu saa kwa kosa la mchoraji. Zichaguliwe picha ambazo umbo lake halichanganyi na ambazo mtoto wa bonde la Ruzizi ana jina lake mdomoni: samaki, jembe, hindi, ng'ombe, kuku, mtumbwi. Kila picha inachorwa mara sita kwenye karatasi ndogo na kubandikwa ndani ya kizibo. Picha zisitofautishwe kwa rangi peke yake, kwa kuwa kuna watoto, wavulana zaidi kuliko wasichana, ambao nyekundu na kijani wanaziona karibu sawa na hawajui kama wenzao wanaona tofauti.

Kuweka picha mahali pa namba si kuwahurumia watoto. Namba za sudoku hazijumlishwi wala hazitolewi. Ni alama tu. Leonhard Euler, mtaalamu wa hesabu wa Uswisi katika karne ya 18, alipochunguza mipango ya aina hii alitumia herufi za Kilatini, na ndiyo sababu hadi leo wanahesabu wanaiita miraba ya Kilatini. Miaka ya 1920 Mwingereza R. A. Fisher aliipeleka shambani, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted: kila aina ya mbegu au mbolea ipandwe mara moja katika kila mstari na kila nguzo ya shamba la majaribio, ili upande wenye udongo mzuri usiipendelee mbegu moja. Mkulima yeyote wa bonde anayejua kwamba ukingo mmoja wa shamba lake hunywa maji kuliko mwingine ataelewa hesabu hiyo bila kuchorewa.

Mchezo kama tunavyoujua leo ulichapishwa Marekani mwaka 1979. Mtungaji wake, kwa kadiri inavyokubalika, ni Howard Garns, fundi wa michoro ya majengo aliyekuwa amestaafu. Kampuni ya Nikoli ya Japani iliuchukua mwaka 1984, na Maki Kaji akaupa jina refu ambalo lilifupishwa kuwa sudoku. Tarehe 12 Novemba 2004 gazeti la The Times la London lilianza kuuchapisha, baada ya Wayne Gould, jaji mstaafu kutoka New Zealand, kutengeneza programu ya kompyuta ya kuutunga. Toka hapo ulienea dunia nzima.

Wito wa darasa

Picha zina ubaya wake mmoja, na watu wengi wanaomfundisha mtoto hawauoni. Namba zina utaratibu. Mtu akiona 1, 2, 4, 6 anajua mara moja kwamba 3 na 5 hazipo. Lakini mtoto akiona samaki, kuku, hindi na ng'ombe, ni nani hayupo? Hakuna kinachomwambia. Atatazama vizibo vilivyobaki, atachukua kimoja, na hapo ndipo kubahatisha kunapoanzia. Si uvivu. Hana orodha.

Dawa yake ni wito, kama ule wa mwalimu asubuhi. Pembeni ya ubao vipangwe vizibo sita, kimoja kwa kila picha, kwa mpango usiobadilika: samaki, jembe, hindi, ng'ombe, kuku, mtumbwi. Kila mara mtoto anapotazama mstari au nguzo, aanze wito kwa sauti na kwa kidole. Samaki, yupo. Jembe, lipo. Hindi, halipo. Mwanzoni inaonekana kama kuchelewesha mchezo. Baada ya siku chache mtoto anaita kimoyomoyo, na macho yake yanakwenda moja kwa moja kwa asiyekuwepo.

Kwa wito peke yake mtoto anaweza kufungua vyumba vingi. Sheria ya kufuata ni kuanza pale palipojaa zaidi. Mstari uliobakiza chumba kimoja unajijibu wenyewe. Uliobakiza viwili unauliza swali fupi: kati ya hawa wawili, yupi amekwisha kukaa kwenye nguzo hii? Watoto wengi hufanya kinyume. Huvutwa na sehemu tupu za ubao kwa sababu kuna nafasi nyingi ya kuweka vizibo.

Kumfuata ng'ombe

Njia ya pili ndiyo inayotenganisha ubao wa wadogo na ubao wa kiwango cha kati. Badala ya kuuliza “chumba hiki kinamtaka nani?”, mtoto anageuza swali: “huyu ng'ombe, ndani ya nyumba hii, anaweza kukaa wapi?” Ubao ufuatao unaonyesha. Herufi zinasimama mahali pa picha: S ni samaki, J jembe, H hindi, N ng'ombe, K kuku, M mtumbwi.

– S J | – – H
H – – | S – –

– – N | K – J
J – – | – N –

– – K | – – N
– M – | – K –

Ng'ombe yuko tayari mara tatu, katika mstari wa tatu, wa nne na wa tano. Tazama nyumba ya chini upande wa kushoto. Mstari wa tano unaye ng'ombe kule mwisho wake, basi vyumba vitatu vya juu vya nyumba hiyo vimefungwa. Nguzo ya tatu inaye ng'ombe huko juu, basi kona ya kulia ya mstari wa chini imefungwa pia. Chumba cha katikati kina mtumbwi. Kimebaki kimoja tu, kona ya chini kabisa kushoto. Ng'ombe anaingia hapo, na mtoto hakuhitaji kujua lolote kuhusu vyumba vingine.

Kwa mtoto, maelezo hayo ya maneno ni magumu kuliko kazi yenyewe. Apewe vijiti viwili. Kimoja kinalazwa juu ya mstari ambao tayari una ng'ombe, kingine juu ya nguzo ambayo tayari ina ng'ombe. Vyumba vilivyofunikwa na vijiti havimtaki. Chumba kilichobaki wazi ndani ya nyumba ndicho.

Halafu asiondoke kwa ng'ombe. Kosa la kawaida ni kuruka kwenda kwa picha nyingine mara tu kizibo kimoja kikikaa. Ng'ombe huyu mpya amefunga nguzo ya kwanza, kwa hiyo nyumba ya juu kushoto sasa inasema kitu ambacho dakika moja iliyopita ilikuwa haisemi: nguzo ya kwanza imefungwa, ya tatu imefungwa, imebaki ya pili, na katika mstari wa kwanza samaki amekwisha kukaa hapo. Ng'ombe anaingia mstari wa pili. Hilo nalo linafunga mstari wa pili kwa nyumba ya juu kulia, ambako nguzo ya tano ina ng'ombe na kona ina hindi. Ng'ombe wa sita anakaa katika chumba cha nne cha mstari wa kwanza. Wote sita wamepatikana kwa kufuatana, kama mchungaji anayehesabu mifugo jioni.

Kuku naye anamalizika kwa njia hiyo hiyo. Mtoto akimaliza kuku, atazame nguzo ya mwisho upande wa kulia na aite wito: hindi, kuku, jembe, tupu, ng'ombe, tupu. Hawapo samaki na mtumbwi. Mstari wa chini tayari una mtumbwi. Basi chini ni samaki, na mtumbwi unapanda mstari wa nne.

Hapo mtu mkubwa aulize: “Umejuaje?” Jibu linalotafutwa si la kitabuni. Mtoto akisema “juu mtumbwi iko tayari kwenye mstari ya chini, haiwezi kuingia mara mbili”, amethibitisha, kwa Kiswahili chake cha nyumbani, kitu ambacho hakuna anayeweza kukipinga. Asisahihishwe lugha wakati huo.

Wageni wawili, mikeka miwili

Kuna siku wito unakwama na vijiti vinakwama. Kila chumba kinakubali picha mbili au tatu. Hapa ndipo watoto wengi huanza kubahatisha, na ubao mdogo huwapa zawadi mbaya: palipo na picha mbili, anayebahatisha atapatia nusu ya mara. Nusu hiyo inatosha kumfundisha kwamba sababu si ya lazima.

Kinachosaidia ni kuandika wasiwasi badala ya kuumaliza. Wanaocheza kwa namba huandika namba ndogo ndogo kwenye kona ya chumba. Kuchora samaki mdogo na mtumbwi mdogo ndani ya chumba kimoja haiwezekani, lakini kuna njia. Kila chumba kifikiriwe kama nyumba ndogo yenye nafasi sita, tatu juu na tatu chini, kwa mpango ule ule wa wito: samaki, jembe, hindi juu; ng'ombe, kuku, mtumbwi chini. Picha inayowezekana inawekewa punje ya mchele mahali pake. Chumba chenye punje kwenye kona ya juu kushoto na kona ya chini kulia kinasema “samaki au mtumbwi”. Picha ikikataliwa, punje inaondolewa. Chumba kikibaki na punje moja, kizibo kinaingia.

Punje hizo ndizo zinazomwonyesha mtoto mbinu nzuri kuliko zote za kiwango hiki. Tuchukue ubao mwingine. Mstari wa pili una picha moja tu, ng'ombe, katika chumba cha tatu. Juu yake, ndani ya nyumba hiyo hiyo, wamekaa jembe, hindi na kuku. Kwa hiyo chumba cha kwanza na cha pili vinakubali samaki au mtumbwi, basi. Chumba cha nne, baada ya kuangalia nguzo yake na nyumba yake, kinakubali samaki au jembe. Cha tano na cha sita vinakubali jembe, hindi au kuku. Hakuna chumba chenye punje moja. Inaonekana mlango umefungwa.

Sasa mtoto aambiwe habari ya wageni wawili na mikeka miwili. Wageni wawili wamefika usiku, na mikeka miwili imetandikwa kwa ajili yao. Nani atalala kwenye upi, hatujui, watajipanga wenyewe. Lakini tunajua kwamba mikeka hiyo imechukuliwa, na tunajua kwamba wageni hao hawatatafuta mahali pengine pa kulala. Samaki na mtumbwi ndio wageni. Chumba cha kwanza na cha pili ndiyo mikeka. Basi samaki hawezi kulala katika chumba cha nne. Punje yake inaondolewa, na chumba cha nne kinabaki na jembe. Jembe likiingia hapo, vyumba viwili vya mwisho vinabaki na hindi na kuku.

Mtoto amesonga mbele bila kujua samaki yuko wapi. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa hili ni jambo jipya kabisa: kwamba kutojua kitu kimoja hakukuzuii kujua kingine kwa uhakika. Wengine hulikataa mwanzoni. Watang'ang'ania kwanza kujua samaki analala mkeka gani. Waachwe wajaribu, mikeka haihami.

Palipokosewa

Siku moja mstari utaonyesha samaki wawili, na mtoto atataka kumwaga vizibo vyote. Mtu mkubwa amzuie, kwa upole. Picha za mwanzo, zile zilizowekwa na mtungaji, ziwe zimezungushiwa duara la makala kwenye kartoni ili zisiguswe. Vizibo vingine vyote viulizwe kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho kuwekwa: “wewe uliingia kwa sababu gani?” Kizibo ambacho mtoto hana sababu yake kinatolewa. Mara nyingi si zaidi ya vitatu au vinne vitakavyotoka, na kosa litakuwa miongoni mwao. Kazi hiyo inachosha, na kwa kuchosha kwake inamfanya mtoto awe mwangalifu siku inayofuata.

Lakini kuna kosa ambalo si la mtoto. Mzazi au mwalimu anayetunga ubao wake mwenyewe anaweza kutoa ubao wenye majibu mawili, na mtoto akahangaika bure kutafuta sababu isiyokuwepo. Rudi kwenye ubao ulioonyeshwa hapo juu na uondoe jembe la mstari wa kwanza. Kila kitu kitaendelea vizuri mpaka mwisho kabisa, ambapo vyumba vinne vitabaki vitupu: cha tatu na cha tano vya mstari wa kwanza, cha tatu na cha tano vya mstari wa pili. Kona nne, na picha mbili tu zinazozigombea, jembe na mtumbwi. Jembe likikaa juu kushoto, mtumbwi unakaa juu kulia na chini wanabadilishana. Ukigeuza, inakubali pia. Hakuna mstari, nguzo wala nyumba itakayolalamika. Ni jembe moja tu lililowekwa mwanzoni ambalo linakata kesi.

Kwa hiyo mtungaji aumalize ubao wake mwenyewe kabla ya kumpa mtoto, na aumalize kwa sababu, si kwa kukumbuka jibu. Akijikuta mwishoni amebaki na kona nne za namna hiyo, aongeze picha moja katika kona mojawapo. Hata wataalamu wameumizwa kichwa na swali hili. Kwa ubao mkubwa wa vyumba 81, ilibidi kusubiri mwaka 2012 mpaka Gary McGuire na wenzake wa Dublin, kwa msaada wa kompyuta, waonyeshe kwamba namba 16 za mwanzo hazitoshi kamwe kutoa jibu moja; zinahitajika angalau 17.

Wasiwasi kwamba ubao mmoja utamalizika haraka na mtoto atauzoea hauna msingi. Vyumba 36 vinaweza kupangwa kwa kufuata sheria kwa njia zaidi ya milioni 28. Na mwalimu asiye na muda wa kutunga hahitaji kutunga. Achukue ubao mmoja mzuri na abadilishe majina: palipokuwa samaki paweke kuku, palipokuwa kuku paweke hindi, na kadhalika kwa picha zote. Kwa kubadilisha hivyo tu, ubao mmoja unatoa sura 720. Akipenda abadilishane pia mstari wa kwanza na wa pili, au nguzo mbili zilizo ndani ya nyumba moja, sheria haivunjiki. Watoto wawili walioketi pamoja wanaweza kupewa ubao ule ule wa ndani wenye sura mbili tofauti, na hakuna atakayemwibia mwenzake.

Kuhusu wawili kucheza pamoja, inafaa kuliko mmoja kucheza peke yake, mradi kuwe na sheria: anayeshika kizibo ndiye anayesema sababu, na mwenzake ndiye anayekubali au kukataa. Wakikataliana, vijiti vinalazwa juu ya ubao na kila mtu anatazama. Mtu mkubwa akae mbali kidogo. Jambo gumu kwake litakuwa kidole chake mwenyewe, ambacho kitataka kuonyesha chumba. Akishindwa kunyamaza, aulize swali lisilotoa jibu: “ni nani hayupo kwenye nguzo hii?” Kisha asubiri, hata dakika tano. Kwa mtoto aliyezoea jibu la haraka la darasa zima, dakika hizo za kimya ni ngeni, na mara ya kwanza atamtazama mtu mkubwa usoni kutafuta ishara badala ya kutazama ubao.

Aliyeumaliza ubao wa leo alinganishe mstari wake wa mwisho na huu: ng'ombe, mtumbwi, hindi, jembe, kuku, samaki.